Namna ya Kuendesha Asasi ya Kuwasaidia Wanajeshi Wastaafu Kupata Makazi Dodoma

Mwanajeshi anayestaafu akiwa Dodoma huachana na mambo mawili kwa wakati mmoja: kazi, na nyumba aliyokuwa akiishi kwa sababu ya kazi hiyo. Kota ni mali ya jeshi na hurudi kwa jeshi, na aliyelala humo kwa miaka mingi hulazimika kutafuta paa lingine, mara nyingi kabla kiinua mgongo chake hakijaingia benki. Tangu Makao Makuu ya Jeshi yalipojengwa Kikombo na ya Jeshi la Kujenga Taifa Chamwino, suala hili limekuwa la karibu zaidi kwa wakazi wa mkoa huu, na wapo wastaafu, viongozi wa dini, walimu na wafanyabiashara wanaoulizana namna ya kuunda asasi ya kuwashika mkono wenzao. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Ni vyema waanzilishi wakubaliane mapema kwamba asasi yao haitajenga nyumba. Wazo la kujenga huja haraka, tena hupendeza kwenye picha, lakini humaliza fedha zote kwa familia mbili au tatu na kuwaacha waliobaki wakinung'unika. Mstaafu wa jeshi hafanani na wahitaji wengine, kwa kuwa yeye fedha ya kujengea ataipata, ila ataipata mara moja tu maishani. Kinachomkosesha makazi ni kupanga hatua vibaya: ananunua kabla ya kuhakiki, anachimba msingi kabla ya kupimiwa, anakopa kabla ya kulipwa. Kazi ya asasi ni kukilinda kiinua mgongo hicho hadi kigeuke nyumba yenye hati, na kazi hiyo inahitaji zaidi watu wavumilivu wanaojua ofisi na karatasi kuliko inavyohitaji saruji.

Wafadhili wa nje huweza kuuliza ni wastaafu wangapi wanaolala barabarani, kwa sababu kwao hilo ndilo tatizo lenyewe. Nchini Marekani, hesabu inayofanywa kwa usiku mmoja kila mwaka ilikuta wastaafu wa jeshi zaidi ya 74,000 wasio na makazi mwaka 2010, na mwaka 2022 ikakuta takriban 33,000. Miongoni mwa mipango iliyochangia upungufu huo ni ule unaomwezesha mstaafu kulipiwa sehemu ya kodi ya nyumba huku akifuatiliwa na afisa wa ustawi wa jamii. Hilo la kufuatiliwa na mtu anayekujua kwa jina linatufaa sana hapa. Hilo la kulipiwa kodi kwa miaka linahitaji hazina ya nchi tajiri, na kwa vyovyote vile mstaafu wa Dodoma hakutwi kandoni mwa barabara. Anakutwa katika vyumba viwili vya kupanga Nkuhungu au Chang'ombe, huku pagala lake likiota nyasi Nala. Mfadhili aelezwe hivyo waziwazi, badala ya kutafutiwa takwimu za kumridhisha.

Usajili na mipaka ya kazi

Asasi inayokusudia kuhudumia watu walio nje ya wanachama wake husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, inayosimamiwa na wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Inaweza kusajiliwa katika ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, na kwa wanaoanza ngazi ya wilaya inatosha kabisa. Waanzilishi waandae katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye majina na sahihi zao, na maelezo binafsi ya viongozi, kisha waanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambaye atawaelekeza hatua zinazofuata. Ikiwa lengo ni wastaafu wachache kusaidiana wao kwa wao, chama cha kijamii kinachosajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kinaweza kufaa zaidi. Yapo pia makundi ya kitaifa ya wanajeshi wastaafu, na ni busara kuzungumza na viongozi wao wa mkoa kabla ya kuanza, ili asasi mpya isionekane imekuja kushindana nao.

Jina na nembo vichaguliwe kwa tahadhari. Asasi isijipe jina linaloifanya ionekane ni idara ya jeshi, isitumie nembo za jeshi, wala viongozi wake wasivae sare au vitu vinavyofanana nazo katika hafla, kwani sheria hairuhusu raia kuvaa sare za majeshi na onyo la kuzirudisha limeshatolewa hadharani. Vilevile fomu za asasi zisimwulize mstaafu alikuwa akifanya nini kikosini au alipelekwa operesheni gani. Kiapo cha kutunza siri hakiishii siku ya kuvua gwanda, na mzee anayeulizwa maswali ya namna hiyo na kijana asiyemfahamu hatarudi tena ofisini kwenu. Jina, tarehe ya kustaafu, hali ya familia na hali ya makazi vinatosha.

Kuanza kabla ya siku ya kuagwa

Wakati mzuri wa kukutana na mwanajeshi ni mwaka mmoja au miwili kabla hajaondoka. Hata hivyo asasi haiwezi kuingia kambini na kuitisha mkutano. Njia yake ni barua rasmi kwa mkuu wa kikosi, ikieleza kwa ufupi asasi ni nini, inataka kufundisha nini, kwa saa ngapi, na kwamba haiuzi kitu chochote. Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito, kwa sababu wanaowafuata wanajeshi wanaokaribia kustaafu ni wengi, na karibu wote wana viwanja, mikopo au biashara za kuuza. Kibali kikichelewa, asasi isihangaike kutafuta njia za panya. Iwafikie wahusika kupitia wake zao kwenye vikoba, kupitia misikiti na makanisa, na kupitia wastaafu waliotangulia.

Swali la kwanza katika mazungumzo hayo lisiwe kiwanja kiko wapi. Liwe hili: familia itaishi wapi? Mwanajeshi anayetoka Mara, Ruvuma au Kigoma anaweza kuwa ametumikia Dodoma miaka yake ya mwisho tu, mkewe akiwa mwalimu hapa, watoto wakisoma hapa, naye moyoni akiwa ameshapanga kurudi kwao kulima. Mume na mke wasipolimaliza jambo hili mapema, hujengwa nusu nyumba kijijini na nusu nyumba mjini, na hakuna inayokalika. Kwa hiyo mazungumzo yafanyike na wote wawili wakiwepo, na kama inawezekana mshauri mmoja awe mwanamke, kwa kuwa mke wa mwanajeshi ndiye mara nyingi aliyeendesha nyumba wakati mume yuko safarini, na huujua mtaa kuliko mume.

Namna ya kuwaita nayo ina maana yake. Kijana wa kujitolea amwamkie shikamoo na kumwita mzee au afande, kwa kadiri mwenyewe anavyopenda, na mkewe amwite mama. Neno mnufaika libaki kwenye ripoti za wafadhili. Aliyeongoza platuni hapendi kusikia akitajwa hivyo mbele ya watoto wake.

Baada ya hapo ifuatwe hesabu ya miezi ya katikati, yaani muda kati ya kutoka kota na fedha kuingia. Wenye nyumba wengi mjini hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na hapo ndipo mstaafu hukimbilia mkopo wa kausha damu, akiacha kadi ya benki na namba yake ya siri mikononi mwa mkopeshaji. Ikiwa asasi ina fedha kidogo za kugawa, zote ziende hapa: mkopo usio na riba wa kodi ya miezi michache, unaolipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba kwa mkataba wa maandishi na kurejeshwa kiinua mgongo kikishalipwa. Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na kinachookolewa.

Kiwanja

Sehemu hii ndiyo inayokula muda mwingi wa asasi, na ndivyo inavyostahili. Faili la mstaafu linapofunguliwa mezani kwa mara ya kwanza, mara nyingi hukutwa karatasi ya daftari la mistari iliyokunjwa mara nne, yenye maneno kwamba fulani amemuuzia fulani eneo linaloanzia kwenye mbuyu hadi korongoni, dole gumba tatu za wino wa buluu, na muhuri wa mtaa uliofifia upande mmoja. Hakuna namba ya kiwanja, hakuna kitalu, hakuna vipimo, na sahihi ya mke wa muuzaji haipo. Mshauri asicheke wala asimlaumu mzee. Atoe nakala, airudishe halisi kwa mwenyewe, kisha aanze kuuliza: nani alikuwa shahidi, fedha zililipwa kwa njia gani, na leo ukienda pale nani analima?

Kwa ambaye hajanunua, kanuni ni kutolipa hata shilingi moja kabla mambo manne hayajafanyika, na asasi iwe tayari kumsindikiza katika kila moja. Afanyiwe upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa ili kujua mmiliki aliyesajiliwa ni nani na kama kuna rehani, zuio au deni la kodi ya pango la ardhi. Aende kwenye ofisi ya mipango miji ya Jiji aone mchoro wa eneo, kwa sababu shamba linalouzwa Zuzu, Hombolo au Mpunguzi linaweza kuonekana wazi na tulivu huku kwenye mchoro likiwa barabara, shule au eneo la wazi. Afike uwanjani akiwa na mpimaji, wayatafute mawe ya mipaka, wasome namba zilizoandikwa juu yake na kuzilinganisha na ramani. Jiwe lililochimbuliwa na kusimikwa upya hutambulika kwa udongo uliolegea kandoni, na mpimaji mwenye uzoefu huliona kabla hajafungua vifaa vyake. Mwisho, azungumze na majirani wa pande zote akiwa bila dalali, maana jirani husema mambo ambayo karatasi haisemi.

Dodoma ina historia yake ya ardhi inayopaswa kueleweka. Kuanzia mwaka 1973, uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipofanyika, ardhi ya mji ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo ilivunjwa Mei 2017 na majukumu yake kukabidhiwa halmashauri iliyopandishwa hadhi kuwa Jiji mwaka 2018. Nyaraka za enzi hizo mbili hazifanani, na muda wa umiliki uliotolewa wakati wa mamlaka ile ulikuwa mfupi kuliko miaka 99 inayotolewa sasa. Anayenunua nyumba ya zamani katika maeneo kama Area C, Area D au Kikuyu aulize nyaraka alizo nazo muuzaji ni za wakati gani, kama zimehuishwa, na imebaki miaka mingapi.

Nje ya mji, katika vijiji vya Chamwino au Bahi, utaratibu ni mwingine. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na makubaliano na mzee mmoja wa ukoo hayatoshi hata kama ni mkweli. Maombi yapitie halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji, na mwisho wake uwe hati ya hakimiliki ya kimila. Mstaafu anayetaka kulima zabibu au alizeti atapata huko nafasi kubwa zaidi, mradi ajue tangu mwanzo kwamba atakuwa mwanakijiji mwenye wajibu wa mwanakijiji.

Malipo kwa Jiji yafanywe kwa namba ya malipo ya serikali na risiti yake itunzwe. Malipo kwa mtu binafsi yapite benki, mbele ya wakili, yakiwa na mkataba wa mauziano wenye ridhaa ya mwenza wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenza ili nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa yake, na mauzo mengi yaliyoonekana yamekamilika yamepingwa barazani kwa sababu ya sahihi hiyo moja. Aliyekwisha kuingia kwenye mgogoro asaidiwe kupata msaada wa kisheria mapema. Wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na hawatozi ada. Baraza la kata hujaribu usuluhishi, na lisipofanikiwa shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ujenzi

Ushauri wa asasi kuhusu ujenzi unaweza kuwa mfupi: vyumba viwili vinavyokalika ni bora kuliko vyumba sita vilivyoishia kwenye lenta. Mchoro uwe wa nyumba inayoweza kuongezwa, kibali cha ujenzi kipatikane kabla ya msingi, na choo pamoja na tangi la maji vitangulie. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma karibu na Aprili, nazo ni chache, hivyo mifereji ya bati inayopeleka maji kwenye tangi hulipa gharama yake. Maeneo yenye udongo wa mfinyanzi hupasua kuta za msingi mwembamba, na hapo pesa ya ushauri wa mhandisi kwa siku moja haipotei. Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa. Mwanajeshi aliyezoea amri kutekelezwa hushangaa anapoona fundi amechukua malipo ya awali na kuhamia kwa mteja mwingine.

Kuzoea uraiani

Kambini maji, umeme, matibabu na hata saa ya kuamka vilikuwa na mwenyewe wa kuvishughulikia. Uraiani mstaafu hukutana kwa mara ya kwanza na foleni ya kuunganishiwa maji ya DUWASA, na LUKU inayokatika usiku wa manane, na barua ya utambulisho anayotakiwa kuifuata kwa mwenyekiti wa mtaa ambaye umri wake ni wa mwanawe. Asasi imwandalie orodha ya ofisi, kisha mtu wa kwenda naye mara ya kwanza. Mara ya pili aende mwenyewe.

Kuhusu kipato, wengi hupelekwa moja kwa moja kwenye ulinzi wa getini, kana kwamba miaka yote ya utumishi ilikuwa ya kushika silaha tu. Jeshini kuna mafundi umeme, madereva wa magari mazito, wauguzi, wapishi na mafundi magari ambao hawana cheti cha kiraia cha kazi wanayoijua vizuri. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na dereva aliyeendesha lori la jeshi anaweza kufuata leseni ya kiraia ya daraja linalolingana nalo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hivyo mstaafu asiye na ulemavu haiwezi kumfikia yeye mwenyewe, lakini mkewe akiwa katika kikundi, au wanawe, wanaweza kuiomba. Familia nyingi hazijafikiria hivyo.

Lipo pia jambo la usingizi. Wapo waliorudi kutoka katika ulinzi wa amani Darfur au Kongo, na wazee wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambao bado wanaamka usiku. Dodoma ina Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, yenye wataalamu ambao mikoa mingine inawatamani. Kwa bahati mbaya jina hilo limefanywa tusi nchi nzima, na mzee akiambiwa kwa ghafla kwamba aende huko atachukulia ametukanwa. Mwenzake wa zamani aanze kuzungumza naye, kisha wapite kliniki ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na rufaa ya kwenda mbele itoke kwa daktari.

Wajane

Mwanajeshi akifariki akiwa kazini au muda mfupi baada ya kustaafu, mjane hukabiliwa na kuhama kota na kufungua mirathi kwa wakati uleule. Asasi imsaidie kupata cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kisha ahudhurie kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi wa mirathi akiwa na mtu wa kumsemea, kwa sababu huko ndiko mambo huharibika. Kikao kinapendekeza tu. Anayemteua msimamizi ni mahakama, na mjane anaweza kuomba yeye mwenyewe usimamizi huo katika Mahakama ya Mwanzo. Wengi hawalijui hilo hadi nyumba imeshauzwa na shemeji.

Fedha na mafaili ya asasi

Asasi isishike fedha ya mstaafu hata kwa saa moja, hata akiomba mwenyewe kutunziwa. Isipokee kamisheni ya dalali, fundi wala duka la vifaa vya ujenzi. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, taarifa ya mwaka iwasilishwe kwa msajili kwa wakati, na mikopo ya kodi isomwe kwenye mkutano mkuu kwa kiasi, bila majina ya waliokopeshwa.

Faili la mstaafu lisifungwe siku anapohamia kwake. Lifungwe pale hati inapotoka ikiwa na jina lake, au majina ya wote wawili kama walivyokubaliana, kodi ya pango la ardhi ikiwa imelipwa, na mwenza pamoja na mtoto mmoja mkubwa wakijua hati hiyo imewekwa wapi. Nakala ibaki kwenye kabati la asasi lenye kufuli, maana zipo familia zitakazorudi kuiulizia baada ya miaka kumi.